Bega bandia la kugeuzwa: kupita mbele au juu ya bega?

Binti wa Machame, Moshi
Shikamooni wakubwa. Baba yangu, mwenye miaka 74, kano za bega lake la kulia zimechanika siku nyingi, hata hawezi kuinua mkono kupogolea kahawa. Daktari bingwa wa mifupa ameshauri awekewe bega bandia la kugeuzwa, akataja njia ya mbele na njia ya juu. Zinatofautianaje?

Daktari wa mifupa, Arusha
Marahaba, binti. Katika upasuaji huu tufe hufungwa kwenye bapa la bega na kikombe huwekwa kwenye mfupa wa mkono, kinyume cha maumbile, ili msuli mkubwa wa bega, yaani deltoidi, ubebe kazi ya kano zilizochanika. Hilo ndilo wazo ambalo Mfaransa Paul Grammont aliliboresha mwaka 1985, na kwa sababu hiyo deltoidi ndiyo mtaji wote wa baba yako.

Njia ya mbele hupita kati ya deltoidi na msuli wa kifua bila kuzipasua nyuzi zake, na inaweza kurefushwa kuelekea chini endapo mfupa utavunjika, lakini kwa kawaida hulazimu kukata kano ya mbele ya bega, jambo linaloweza kuongeza hatari ya kuteguka. Njia ya juu humpa daktari nafasi ya kuliona bapa uso kwa uso, na huweza kuiacha kano hiyo salama. Ila deltoidi hupasuliwa, na neva yake hupita takriban sentimita 5 tu chini ya ncha ya bega. Isitoshe, ni rahisi tufe kukaa juu mno, kikombe kikaanza kuusugua na kuula mfupa wa bapa. Mimi hupendelea ya mbele, ingawa simpingi aliyeizoea ile nyingine, maana tufe kukaa chini panapostahili kuna uzito kuliko mlango tulioingilia.

Mkazi wa Njiro, Arusha
Mama yangu mkubwa alipasuliwa kwa njia ya mbele. Wiki ya tatu aliinuka kitini kwa kujisukuma na mkono uleule, ukiwa nyuma ya kiuno, bega likateguka. Tafadhali mlindeni mzee na hilo.

Mtaalamu wa fiziotherapia, Moshi
Ni kweli kabisa. Binti, uliza pia kama kano ya mbele itashonwa, kwa sababu ikishonwa hatuugeuzi mkono kuelekea nje katika wiki za mwanzo. Na mzee ajue mapema kwamba kuinua mkono hurudi vizuri zaidi kuliko kuugeuza nje; matawi ya juu ya mkahawa ayaachie vijana.