Mrejesho: Mwanangu na kaka wa kumwongoza baada ya vipindi

Niliwauliza kama nimruhusu mwanangu wa miaka 14 abaki shuleni jioni, aongozwe na wanafunzi wakubwa, maana hesabu zilikuwa zinamtesa. Nilihofia wangemfundisha utundu.

Nilimruhusu. Wiki mbili za kwanza alirudi amenuna, nikajua imekula kwangu. Kumbe kaka aliyepangiwa alikuwa anahutubia tu, mwalimu mdogo! Msimamizi akambadilishia, akampa mwingine ambaye naye aliwahi kufeli hesabu.

Juzi nimekuta pembeni ya daftari lake mwandiko si wake: "Hapa hata mimi nilikwama. Rudia hatua ya pili." Amerudia, kafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Mlioniambia niulizie siri ambazo mtoto atamwambia kaka wa kumwongoza zinashughulikiwaje, asanteni. Wanalo sharti: jambo likihusu usalama wa mtoto, linapelekwa kwa mtu mzima. Hesabu bado zinamtesa, ila sasa anauliza.