Mnamjua yule muuza mitumba wa kona. Leo kaniambia kosa ni la makalio yangu, si la suruali yake

Jiwe_la_Ziwani (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, herufi zikirukaruka mnivumilie.

Jina silitaji na wala halina haja. Yule wa kona, mwenye mwavuli uliopauka upande mmoja na redio isiyojua kunyamaza. Yule anayeapa kwa mama yake mzazi kwamba kila belo lake limefunguliwa jana. Basi huyo huyo, leo saa nne asubuhi, mbele ya kina mama wote wa vitenge, kaitwaa suruali yangu iliyochanika msamba mzima, kaipandisha juu kama bendera ya shule, akatangaza: "Mdogo wangu, suruali haina kosa. Kosa la makalio."

Kosa la makalio!

Wengi humu mnajua mimi na wenzangu watatu tunapanda miamba ya ziwani, njia ya Katonga. Kaka yangu alikuwa mpagazi Kilimanjaro, akarudi Kigoma na kamba mbili, mikanda ya kiunoni na ujuzi wake, akatufundisha. Jumamosi tunacheza na mawe mafupi bila kamba, chini mchanga. Jumapili tunafunga kamba, tunakwenda ukuta mrefu. Miaka miwili nimepanda na bukta, magoti yangu yamekuwa kama mihogo iliyokwanguliwa na panya. Nikajikusanya, nikasema safari hii nanunua suruali ya kazi.

Nikaenda kwake. Nikamweleza taratibu, neno kwa neno: kaka, nataka suruali ambayo nikiinua mguu mpaka kifuani hainikamati. Kitambaa kivutike. Katikati ya mapaja pawe na kile kipande cha pembe nne, mishono isikutane yote mahali pamoja, maana hapo ndipo nguo hufia. Kiunoni pawe bapa, hakuna chuma wala mshono mnene, kwa sababu juu yake navaa mkanda wa kamba. Chini ibane kidogo au iwe na mpira, nione vidole vyangu vinakanyaga wapi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ninayo." Akazama kwenye rundo, akaibuka na kadeti ya kijani. "Hii spandeksi tupu, uzi wa kuvutika. Hii Ulaya wanapandia barafu." Shilingi 18,000. Sikuomba punguzo hata la mia tano. Nilimwamini, wakuu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya hela.

Jumapili niko juu, kamba imekaza, kuna hatua pale inadai mguu wa kulia upande kwenye kijirafu usawa wa kiuno. Nikainua. Mlio wake! Wavuvi waligeuka wakidhani tanga limepasuka. Kuanzia chini ya zipu mpaka mfuko wa nyuma, mshono wote umejiuzulu. Nimeshushwa kwa kamba nikiwa nimejifunga fulana kiunoni, na pwani nzima imesimama inaangalia.

Nyumbani nikatafuta lebo kule ndani. Pamba asilimia 100. Asilimia mia! Nikachomoa uzi mmoja nikauwasha kiberiti: ukanuka karatasi iliyoungua, ukaacha jivu laini la kijivu. Ingekuwa nailoni ingeyeyuka na kujikunja, ikaacha kitone kigumu; hiyo spandeksi yake nayo ingeyeyuka. Hakuna kilichoyeyuka pale.

Leo nikairudisha. Sikwenda na ugomvi. Nilimpa shikamoo yake, nikamwonyesha lebo. Lebo hakuitazama! Alinizunguka, akanitazama nyuma kama anayepima ng'ombe mnadani, HALAFU ndipo akasema alichosema. Kina mama wakaangua kicheko kilichoshuka ziwani mpaka chini kabisa, na mnajua ziwa letu lina kina cha mita 1,470. Mmoja aliangusha doti nzima ya kitenge matopeni, hakuiokota.

Sitaki 18,000 yake. Nataka asimame pale pale, mbele ya kina mama wale wale, aseme kosa ni la suruali.

Mgebuka_Mkavu

Pole mkuu. Weka picha.

Jiwe_la_Ziwani

Picha ya nini?

Mgebuka_Mkavu

Ya mtuhumiwa. Suruali au makalio, jukwaa litaamua.

Binti_Gungu

Jamani mimi nilikuwepo. Aliyeangusha kitenge ni mama yangu mdogo. Mpaka sasa hajala, kila akishika tonge anacheka anapaliwa. Ila kaka, na wewe ulisimama pale umeshika kiuno unasema "soma lebo, soma lebo" mara ishirini.

Jiwe_la_Ziwani

Mara tatu! Na angeisoma ya kwanza nisingefika ya pili.

Babu_wa_Stesheni

Vijana, mbuzi akipanda jiwe kuna jani anafuata. Wewe kule juu ulifuata nini?

Karabina_Arusha

Mleta uzi ana haki yake, lakini na yeye anatafuta suruali moja kwa kazi nyingi. Nipo kwenye hizi kamba muda mrefu, sikilizeni.

Mawe mafupi bila kamba, vaa chochote kipana na chepesi. Pale unaruka, unaanguka, unachuchumaa, mkanda wa kamba haupo, kwa hiyo kiuno hata kiwe cha kamba ya kufunga sawa tu. Ukifunga kamba mambo yanageuka: mkanda unakaa juu ya suruali na uzito wako wote unaning'inia hapo. Jinzi ina vile vifungo vya chuma kwenye kona za mifuko, ambavyo Jacob Davis na Levi Strauss walivipatia hataza Marekani mwaka 1873 kwa ajili ya wafanyakazi waliokuwa wanachana mifuko. Kwa mchimba mgodi ni neema. Chini ya mkanda wa kamba kinakuingia nyongani kama msumari. Na mifuko ya mbele hutaifikia, kwa hiyo tafuta ya pajani yenye zipu.

Kupanda nyufa ni habari nyingine kabisa. Unachomeka mguu, goti, paja, kila kitu ndani ya ufa. Spandeksi nyepesi pale inageuka chujio asubuhi moja. Unataka kitambaa kigumu na magoti ya tabaka mbili, hata kivutike kidogo si neno. Ukuta wa siku nzima ndipo pamba inapokuwa adui: ikilowa haikauki, upepo ukija unatetemeka. Chukua nailoni yenye spandeksi kidogo, hata asilimia 3 utaisikia mguuni.

Kile kipande cha msamba alichokitaja ni kweli. Mike Graham, mpandaji wa Yosemite, alianzisha Gramicci mwaka 1982 na suruali zake zilijulikana kwa kipande hicho. Kama kadeti yako haikuwa nacho, ilikuwa lazima ichanike. Ungekagua kabla ya kulipa.

Jiwe_la_Ziwani

Asante mkuu kwa darasa. Lakini umeandika aya tatu hujagusa makalio hata mara moja. Mimi sijaja kuuliza kitambaa. Nimeambiwa mbele za watu kwamba MWILI WANGU ndio una kasoro.

Mgebuka_Mkavu

Aya tatu za suruali na bado hakuna picha.

Mama_Mawese

Wewe heri umechaniwa suruali yako mwenyewe. Mimi fundi wangu, na yeye mnamjua, nimempelekea doti mbili za kitenge tangu kabla ya mfungo. Kila nikienda ni kesho, cherehani imekatika mkanda, kesho, umeme hakuna. Cherehani yake ya miguu! Umeme wa nini? Ijumaa nimemkuta mkewe harusini kavaa kitenge changu, kakatiwa solo na mabega yamesimama.

Binti_Gungu

Weeee! Kile cha ndege wa bluu?

Mama_Mawese

Ndege wa bluu, mwanangu. Na kimemkaa.

Ovaloki_Huru

Msiwaseme mafundi wote. Mimi ni fundi. Mleta uzi, lete hiyo kadeti nikuwekee kipande cha msamba, kitambaa cha jezi au cha tracki kinachovutika, nipige ovaloki na juu nirudie mshono mara mbili. 4,000 tu.

Mama_Mawese

Lini? Kesho?

Mnyamwezi_wa_Kiloleni

Huku Tabora hatuna shida ya suruali, shida ni asali. Mji wa asali huu, na bado jamaa kaniuzia dumu la lita tano nusu yake maji ya sukari. Nimemrudishia, kaniambia nyuki wa mwaka huu wamekuwa na haraka. Nyuki wana haraka!

Babu_wa_Stesheni

Mwanangu, ya nyuki wadogo au wakubwa?

Mnyamwezi_wa_Kiloleni

Wakubwa babu. Ya wadogo ndiyo ningempigia polisi.

Mgebuka_Mkavu

Asali halisi ukiidondosha kwenye maji inazama bila kusambaa.

Mnyamwezi_wa_Kiloleni

Uongo huo, ya sukari ukiichemsha ikawa nzito nayo inazama. Mimi ninayo hapa inazama.

Jiwe_la_Ziwani

Wakuu, asali fungueni uzi wenu. Hapa tunazungumzia mtu mzima aliyemzunguka mwenzake sokoni, akamkagua nyuma, akasema kosa la makalio. Mbona mnalipita hili kama dogo?

Binti_Gungu

Hatulipiti kaka. Mama mdogo bado analicheka.

Mpenda_Haki_Kona (amejiunga leo)

Mimi ni mpita njia tu. Namfahamu huyo muuzaji, ni mtu mwaminifu, mcha Mungu, na redio yake ina sauti safi. Aliuza kadeti ya kuendea ofisini. Hakuna aliyemwambia mteja akaning'inie nayo kama nyani wa Gombe.

Mgebuka_Mkavu

Karibu jukwaani, kaka wa kona.

Karabina_Arusha

Gombe inajulikana kwa sokwe, si nyani.

Jiwe_la_Ziwani

Ni WEWE! Nilikueleza mguu mpaka kifuani! Ulisema Ulaya wanapandia barafu, barafu ni ofisi? Rudisha neno lako hapa hapa, watu wanakuona.

Mpenda_Haki_Kona

Narudia, mimi ni mpita njia. Ila nimesikia kwamba Jumatano asubuhi pale kona linafunguliwa belo jipya, gredi ya kwanza, halijaguswa. Suruali za michezo zimo, zenye mpira chini. Mdogo wangu akija mapema atachagua wa kwanza.

Jiwe_la_Ziwani

Sitaki belo. Nataka useme kosa ni la suruali.

Ovaloki_Huru

Hizo za mpira chini bei gani?

Mama_Mawese

Magauni yamo? Kama kitenge kimeshavaliwa nifanyeje, natafuta la mikono mirefu.

Mpenda_Haki_Kona

Nimesikia yamo, mama. Ya mikono mirefu na ya harusini pia.

Mnyamwezi_wa_Kiloleni

Treni ya Jumanne ikiwahi nipo. Nawaletea na asali.

Babu_wa_Stesheni

Ipi? Ile ya nusu maji?

Binti_Gungu

Kaka wa kona, viatu namba 38 vimo?