Urojo umemwagikia kibodi nyeupe, nisafishie nini?

mtoto_wa_mlandege
Asalam aleikum jamani. Nna kibodi nyeupe ya USB hapa kwenye kijiduka changu cha kutoa kopi, jana mwanangu kaimwagia urojo, nshafuta kwa maji ya sabuni mafuta yametoka lakini ile manjano imeng'ang'ania vitufe utasema imepakwa rangi. Dada kanipa dawa yake ya kutolea rangi ya kucha, nikaijaribu kwenye F12 maana siitumii, basi kitufe kikawa kinanata na mng'aro wote umepotea! Jirani naye ananambia petroli. Ntafanyaje?

fundi_chake
Waaleikum salaam. Bora ulianzia hiyo F12 yakhe. Dawa za kucha nyingi zina asetoni, na vitufe vya kibodi za bei rahisi mara nyingi ni plastiki ya ABS, asetoni inaiyeyusha khasa, kwa hiyo hicho kishakwenda usijisumbue kukisugua. Petroli na thina wacha kabisa, plastiki itaharibika na moto nao uko karibu. Kanunue spiriti ya duka la dawa, ile ya asilimia 70. Manjano haiyeyuki kwenye maji ila kwenye spiriti inayeyuka, ndo maana sabuni imekushinda. Chomoa waya kwanza, spiriti tia kwenye pamba usimwagie juu ya kibodi, na usikazane kusugua, herufi zilizochapwa juujuu zitatoka nazo.

bi_mkoani
Jiki je? Kwenye nguo nyeupe mbona inatoa

fundi_chake
Bi mkubwa, Jiki ikiingia ndani inakula vyuma. Na usije ukaichanganya na spiriti wala siki, inatoa hewa ya sumu.

kijana_wa_wete
Mie wasiwasi wangu ule unga wa urojo uliozama chini ya vitufe, ukikauka ni gundi. Ving'oe (piga picha kwanza usije ukasahau mpango wake, na kile kirefu cha nafasi taratibu kina kiwaya), viroweke maji ya sabuni vuguvugu, vikauke mpaka kesho yake, na masika haya zidisha. Manjano ikibakia anika hivyo vitufe juani masaa mawili matatu itafifia, ila usiviwache siku nzima nzima, ABS yenyewe jua likizidi inageuka njano.

mtoto_wa_mlandege
Spiriti imefanya kazi wallahi, pamba imetoka njano tupu. Imebaki kidogo kwenye E na R, kesho jua likitoka ntavianika. F12 nimeipiga stika.