Kutofautisha Flying Scotsman ya zamani na mpya ya Hornby: nianzie wapi?

Kipenga

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Ninaishi Leicester, na katika mnada wa vitu vya mitumba nimeonyeshwa vichwa viwili vya treni za mfano vya Flying Scotsman, ile injini maarufu ya mvuke ya Uingereza, vyote vya kampuni ya Hornby katika kipimo cha OO, yaani 1:76. Cha kwanza ni cha kijani kibichi chenye namba 4472, kimo ndani ya boksi la Tri-ang Hornby (jina la zamani la bidhaa hizo), na muuzaji anasema ni toleo la mwaka 1968. Cha pili kina namba 60103 na mabati ya kupeperusha moshi kando ya bomba, naye anadai kuwa ndicho kipya zaidi kwa sababu namba yake ni ya baadaye. Bei alizotaja zinatofautiana sana. Naomba kuelekezwa niangalie nini kabla ya kutoa fedha.

Bisibisi

Ndugu Kipenga, hoja ya namba iweke kando kabisa. Injini halisi ilijengwa Doncaster mwaka 1923, ikapewa namba 4472 mwaka uliofuata, ikaja kuwa 60103 baada ya reli za Uingereza kutaifishwa mwaka 1948, na mabati hayo ya moshi ikafungwa mwaka 1961. Namba na rangi hukueleza mfano unaigiza kipindi gani cha injini halisi, wala si mwaka ambao mfano wenyewe ulitoka kiwandani. Hornby wametoa 4472 katika kila kizazi cha bidhaa zao, kwa hiyo ya kijani inaweza kuwa kongwe au ya juzi.

Geuza kila kimoja chali juu ya kitambaa laini, kisha utafute mota ilipo. Toleo la kwanza la 1968 lilikuwa na mota ya aina ya X04 ndani ya kichwa chenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 waliihamishia kwenye behewa la makaa, wakitumia mota ya duara iitwayo Ringfield, na utaratibu huo ukadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, walipounda upya mfano mzima na kuirudisha mota ndani ya kichwa. Ukiona baadhi ya magurudumu ya behewa la makaa yamevishwa raba, huku magurudumu makubwa ya kichwa yakizunguka kwa uhuru unapoyasukuma kwa kidole, basi hicho ni cha kizazi cha kati, boksi liseme litakavyosema.

Tatizo linabaki kwa chenye mota ndani ya kichwa, maana sifa hiyo ni ya kikongwe na ya kipya pia. Hapo tazama kingo za magurudumu: za zamani ni nene na zina kina kirefu, kiasi cha kugonga vishikizo vya reli za siku hizi, ambazo kimo chake ni kifupi. Ndoana ya kuungia mabehewa nayo ilikuwa kubwa, ilhali ya sasa ni ndogo na huchomolewa kwenye kitundu chake. Soketi ya pini 8 ya kuwekea dikoda ya kidijitali (kifaa kinachopokea amri za kuendesha treni) ikiwapo, wala huhitaji ushahidi mwingine. Hicho si cha 1968.

Mzee wa Stesheni

Nakubaliana na Bisibisi, ila naongeza tahadhari moja. Hornby wana safu ya bei nafuu iitwayo Railroad, ambayo mara nyingi hutumia kalibu za zamani za mwili wa mfano pamoja na mitambo mipya, hivyo umbo sahili lisikufanye uhitimishe kuwa kitu ni cha kale. Angalia pia maandishi ya chini: uzalishaji ulihama kutoka Margate, Uingereza, kwenda China kuelekea mwisho wa miaka ya 1990. Maboksi mimi siyaamini hata kidogo, kwa kuwa huuzwa peke yake, na boksi zuri la Tri-ang Hornby hupandisha bei ya chochote kitakachowekwa ndani.

Kipenga

Nawashukuru sana. Nimerudi kuvikagua. Cha kijani kina raba kwenye magurudumu ya behewa la makaa, na waya unaotoka humo kwenda kwenye kichwa. Cha 60103 kina soketi ya pini 8, na chumba cha dereva kimepakwa rangi hadi kwenye geji.

Bisibisi

Basi cha 60103 ni cha baada ya mfano kuundwa upya, ingawa sababu aliyoitoa muuzaji haikuwa na uzito. Cha kijani si cha 1968, na boksi hilo si lake, kwa kuwa jina la Tri-ang Hornby liliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla Ringfield haijaingia kwenye mfano huo. Kama unakipenda, mpe bei ya kizazi cha kati, na umwombe kwanza akiendeshe mbele yako, kwani raba zilizokauka huteleza relini.