Bustani ya Kirumi kwa chokaa ya Kigoma: mchanga gani, na rangi ipakwe lini?

Wino_Ujiji
Habari wakuu. Nasoma sanaa, na kazi ya muhula huu ni kuchora kipande cha ukuta kwa njia ya Warumi wa kale, sentimita 60 kwa 90, juu ya matofali ya kuchoma. Nimechagua mchoro wa bustani wa nyumba ya Livia, mke wa Kaisari Augusto, ule uliochimbuliwa Prima Porta karibu na Roma mwaka 1863 na sasa uko kwenye makumbusho ya Palazzo Massimo, Roma. Ila miti nataka iwe ya huku: mchikichi, mwembe, mpera. Chokaa ya mfuko ya dukani itafaa? Mchanga nichukue wa ziwani au wa mtoni? Na kwa nini kipande cha majaribio, ukipitisha kiganja, rangi inatoka kama unga?

FundiChokaa
Inatoka unga kwa sababu plasta ilishakauka ndipo ukapaka. Kazi hii haina gundi. Plasta mbichi inapokauka, maji hupanda usoni yakiwa na chokaa iliyoyeyuka. Chokaa ikikutana na kaboni dioksaidi ya hewani inarudi kuwa jiwe na kuzifunga chembe za rangi humo humo. Ukichelewa, rangi inakaa juu tu, hata upake mara kumi.

Chokaa ya mfuko inafaa, mradi iwe ya kujengea. Ya shambani ni mawe yaliyosagwa, haishiki kamwe. Idondoshee siki: ikitoa povu jingi, ama ni ya shambani ama mfuko umekaa wazi hadi chokaa imekufa. Iloweke kwenye ndoo ya plastiki (sufuria ya aluminiamu italiwa), koroga iwe uji mzito, acha maji ya vidole viwili juu yake, funika, subiri angalau mwezi. Pliny, mwandishi wa Kirumi, anaandika kwamba sheria za zamani za ujenzi ziliwakataza wakandarasi kutumia chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji) isiyofikisha miaka 3, kwa hiyo mwezi ni huruma tu. Vaa glavu na miwani. Ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi dakika 20 kisha uende kituo cha afya.

Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, anataka tabaka tatu za plasta ya mchanga na tatu za plasta ya marumaru. Kwa ukuta wako tatu kwa jumla zinatosha. Ya kwanza mchanga 3 kwa chokaa 1, unene milimita 10, uikwaruze mistari na kuiacha siku kadhaa. Ya pili 2 kwa 1, milimita 6. Ya mwisho 1 kwa 1, mchanga laini uliochekechwa au vumbi la marumaru, milimita 3, ipakwe ya pili ikiwa imeshika lakini bado ina unyevu. Andaa chokaa iliyoloweka lita 7 na mchanga lita 12. Matofali yaloweshe jioni na tena asubuhi, la sivyo yatanyonya maji ya plasta na utaona nyufa.

Mto_Luiche
Naongezea la mchanga. Vitruvius ana kipimo kisichohitaji kifaa: usugue kiganjani, mzuri utausikia ukikwaruza, kisha umwage juu ya kitambaa cheupe na kuukung'uta, kitambaa kisibaki na uchafu. Wa baharini aliulalamikia, kwani chumvi yake hutoka na kuharibu plasta. Tanganyika ni maji baridi, hilo halikuhusu. Shida ya mchanga wa ufukweni ni chembe za duara zinazolingana, hazishikani vizuri. Changanya nusu kwa nusu na wa mtoni, uoshe hadi maji yatoke masafi.

Kuhusu saa ya kupaka: plasta ya mwisho ikipoteza mng'aro wa maji, igonge kwa ncha ya kidole. Ikiacha alama bila kung'ang'ania kidole, anza. Una saa 6 hadi 8, na wakati wa kiangazi upepo wa ziwani unazipunguza, hivyo tundika gunia bichi upande unakotoka upepo. Brashi ikianza kukwama, acha. Plasta ambayo hujaichora ikate kwa mshazari, kesho upake nyingine. Anzia juu ushuke, matone yasichafue ulichomaliza.

Nyerere_wa_Sanaa
Kwenye mchoro wenyewe, angalia mpango kabla ya majani. Mbele kuna uzio mwepesi, kisha kijia cha nyasi, kisha ukuta mfupi wa marumaru, na nyuma yake ndipo bustani inaanza. Miti ya mbele ina majani unayoweza kuyahesabu. Ya nyuma ni ukungu wa kijani na bluu. Hakuna mtu hata mmoja, ila ndege wamejaa, na mmoja yuko ndani ya tundu la ndege. Maua na matunda ya misimu tofauti yapo kwa pamoja, kwa hiyo mwembe wako uwe na maua na embe mbivu bila wasiwasi.

Mwalimu akitaka na maisha ya uraia, weka kando kipande cha tangazo la uchaguzi kama yale ya Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano: jina la mgombea kwa herufi kubwa nyekundu juu ya chokaa nyeupe, cheo, kisha O V F, yaani nawaomba mumchague. Waoka mikate, wauza matunda na waendesha nyumbu walitia majina ya vikundi vyao kumuunga mkono. Uchaguzi ulikuwa wa kila mwaka, hivyo ya zamani yalifunikwa kwa chokaa na kuandikwa upya.

Wino_Ujiji
Shukrani sana wakuu. Bluu je? Ninayo ya kufulia.

FundiChokaa
Usiiamini bila kuijaribu. Bluu nyingine chokaa inazigeuza kahawia. Changanya kidogo na chokaa, paka juu ya kigae, iangalie kesho yake. Nyekundu usinunue: koroga udongo mwekundu wa huko kwenye maji, subiri mchanga uzame, mimina maji mazito chombo kingine, yatuame, kausha na usage. Kijani kipate kwa udongo wa njano na masizi kidogo.