Bia za mchango wa watu kumi zimegandishwa uwanja wa ndege, na shirika la ndege halitaki kulipa

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka kwa hasira, mnivumilie.

Nafanya kazi kituo cha afya huku Nunavut, kaskazini mwa Kanada. Kijiji sikitaji, Waafrika tuko watatu tu, nitajulikana leo leo. Nunavut ina miji na vijiji 25 na hakuna barabara ya kutoka kimoja kwenda kingine. Meli huja miezi michache ya kiangazi barafu ikiyeyuka. Baada ya hapo kila kitu, kuanzia maziwa mpaka misumari, ni kwa ndege.

Pombe ina utaratibu wake. Wanakijiji wenyewe hupiga kura. Vijiji vya Arviat na Pangnirtung wamepiga marufuku kabisa. Kwetu kuna kamati iliyochaguliwa na wakazi, ndiyo inayoamua nani aagize na kiasi gani. Hilo silalamikii hata kidogo. Nimepokea majeruhi usiku wa manane, najua chupa moja inafanya nini ndani ya nyumba iliyojaa watoto, nje kukiwa na baridi ya kuua. Wazee wa Kiinuit, wenyeji wa asili wa huku, waliosimamia kamati hizi wanalinda watu wao, na mimi mgeni natakiwa kuwaheshimu.

Kwa hiyo nilifuata kila hatua. Tulichanga watu kumi kwa ajili ya Krismasi, mimi nikashika fedha. Nikaomba kibali, nikasubiri kamati ikae, nikakipata. Nikaagiza makopo 96 ya bia na chupa sita za mvinyo kutoka ghala la serikali lililoko Rankin Inlet, mji mwingine wa Nunavut, nikalipa zote kabla. Nauli ya ndege ilikaribia nusu ya bei ya bia, maana wanatoza kwa kilo. Na nikaongeza hela ili mzigo uwekwe mahali pa joto. SOMENI HAPO TENA: nililipia usigande.

Ndege ilichelewa siku nne kwa dhoruba. Sawa, dhoruba haina mwenyewe. Lakini ilipotua, mzigo wetu ulishushwa ukaachwa nje usiku kucha, nyuzi 38 chini ya sifuri! Bia huanza kuganda nyuzi mbili tatu tu chini ya sifuri. Asubuhi nimekuta makopo yamevimba na kupasuka, vizibo vya mvinyo vimesukumwa nje, maboksi yameshikana kama jiwe. Kibandiko cha "usigandishwe" bado kiko juu ya boksi, nimekipiga picha. Kijana wa mizigo ananijibu kwamba vitu vinavyoharibiwa na baridi ni juu ya mteja. Sasa ile hela ya ziada mlichukua ya nini?

Usiku uleule mlanguzi alikuwa anauza vodka, chupa moja mamia ya dola. Vodka haigandi kirahisi, inaingia kwenye begi la nguo, na haipiti kwenye kamati yoyote. Hapa ndipo panaponiuma kuliko hela. Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, walifungua duka mwaka 2017 linalouza bia na mvinyo tu, kwa makusudi, ili watu waache pombe kali ya magendo. Sisi wa vijijini tukijaribu njia hiyohiyo ya halali, shirika la ndege linatuvunja miguu. Wawili kati ya wale kumi wameshaniambia mwakani hawachangi, wanajua pa kununua. Na mwisho wa njia hiyo ni kwangu, zamu ya usiku, na sindano ya kushonea.

Nimeandika barua mbili za kudai fidia, kimya. Aliyewahi kulipwa na mashirika haya ya mizigo ya kaskazini, iwe Nunavut, Yukon au Alaska, aniambie alishika karatasi gani. Risiti ya ile hela ya joto ninayo, picha ninazo, na Jumapili nakaa na watu tisa wanaotaka hesabu yao.