Tulilipia Kasri la Topkapı na Kanisa la Hagia Irene, tukaishia kwenye duka la mazulia

Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Wakala wa safari tuliyemlipa jijini Istanbul alituuzia ziara ya nusu siku pamoja na mwongoza watalii, akatuahidi kwa maandishi kwamba tutaona Kasri la Topkapı, lililokuwa la masultani wa Kituruki, sehemu ya Harem iliyomo humo (makazi ya familia ya sultani), na Kanisa la Hagia Irene lililo katika ua wa kwanza wa kasri hilohilo. Tulichopata ni kasri nusunusu na ukuta wa kanisa kwa nje. Muda uliobaki, ambao ndio ulikuwa mrefu kuliko wote, tulikalishwa katika duka la mazulia, tukaletewa chai na kukunjuliwa bidhaa ambazo hakuna aliyeziulizia.

Kilichoniuma zaidi ni kanisa. Tulipofika karibu na mlango, mwongozaji alisema tusipoteze muda kuingia kwa sababu ndani ni patupu, ilhali tiketi tulizoshika zilikuwa zimelitaja kanisa hilo kwa jina. Alivaa kitambulisho cha leseni shingoni, kwa hiyo siwezi kukubali kwamba hakujua alichokuwa akitunyima. Kanisa la awali liliteketea katika ghasia za Nika, maasi ya wenyeji wa mji huu, mwaka 532, Mfalme Justinian akalijenga upya, kisha likaharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 740. Lilipokarabatiwa, watawala wa Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya Mashariki, walikuwa wanapinga picha za watakatifu, na ndiyo maana juu ya madhabahu pamewekwa msalaba mmoja tu, mweusi, kwenye mozaiki ya dhahabu. Picha ziliporuhusiwa tena mwaka 843, msalaba huo haukuondolewa. Waosmani, yaani Waturuki, nao, baada ya kuutwaa mji mwaka 1453, hawakuligeuza kuwa msikiti kama walivyoigeuza Hagia Sophia iliyo jirani, bali walilifanya ghala la silaha. Kuta hizo tupu ndizo tulizolipia kuziona, na mtu aliyepewa kazi ya kutueleza maana yake ndiye aliyetuzuia.

Ndani ya kasri mambo hayakuwa bora. Tulikimbizwa hadi kwenye hazina kuiona almasi ya karati 86, tukapiga picha, tukatolewa. Kundi letu lilikuwa na Waislamu kutoka Zanzibar na Mombasa, wakiwemo wazee, ambao hamu yao kubwa ilikuwa chumba kinachohifadhi joho la Mtume, mahali ambapo Kurani husomwa mfululizo. Walikuwa wamesimama kimya wakisikiliza, mwongozaji akaanza kuwapigia makofi ya kuwahimiza watoke kwa kuwa gari linasubiri. Kumfanyia mtu mzima vile, mahali kama pale, ni kumvunjia heshima, na hadi leo hakuna aliyewaomba radhi. Kuhusu Harem alidai kwamba imefungwa, wakati sote tulikuwa tunaona makundi mengine yakiingia.

Gari lililokuwa na haraka kiasi hicho lilitupeleka moja kwa moja dukani. Huko haraka ilikwisha, na hatukuruhusiwa kuondoka hadi wauzaji walipokata tamaa. Nilipomwandikia wakala, alinijibu kwamba kutembelea duka ni sehemu ya utamaduni wa mji. Neno duka halimo katika ratiba aliyotutumia, na iwapo analipwa kamisheni kwa kila kichwa anachopeleka pale, basi alipaswa kutueleza kabla ya kupokea fedha zetu.

Ninadai kurudishiwa fedha za Harem na za kanisa, na wazee wale waombwe radhi kwa maandishi. Kwa mnaopanga safari, ulizeni mapema kama kuna kituo cha duka na mdai jibu la maandishi. Kumbukeni pia kwamba Topkapı hufungwa Jumanne. Aliyewahi kudai fedha zake kupitia benki baada ya kulipa kwa kadi, tafadhali anieleze ni nyaraka zipi alizotakiwa kuwasilisha.